Jibu la “Kawaida” la Kipimo cha Damu Halitoshi Kuondoa Shaka ya Saratani ya Utumbo Mpana

Kupima afya kabla ya kuugua ni desturi njema ambayo wananchi wamekuwa wakihimizwa kuijenga. Katika baadhi ya maabara na vituo vya huduma, vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima hujumuisha pia vipimo vya damu vinavyoitwa viashiria vya saratani. Mwananchi hutolewa damu kidogo mkononi na baada ya muda mfupi hukabidhiwa karatasi yenye herufi, namba na neno “kawaida”. Wengi huipokea karatasi hiyo kama hati ya kuthibitisha kwamba hawana saratani.

Kwa saratani ya utumbo mpana, tafsiri hiyo si sahihi, na inaweza kugharimu maisha. Kiashiria kinachotumika zaidi kwa ugonjwa huu, kinachojulikana kwa kifupisho cha CEA, kina kazi kubwa katika kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari amegundulika na kutibiwa. Hata hivyo, hakikuthibitika kuwa kipimo cha kuugundua ugonjwa mapema kwa mtu asiye na dalili, na miongozo ya kitabibu haipendekezi kitumike kwa kazi hiyo. Vipo vipimo vingine vilivyothibitishwa, na vipo viashiria vya hatari ambavyo mwananchi anaweza kuvitambua mwenyewe bila mashine yoyote.

Ugonjwa unaoanza kimyakimya

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, yenye urefu wa takribani mita moja na nusu. Kazi yake ni kufyonza maji na chumvi kutoka kwenye mabaki ya chakula na kuyahifadhi hadi yatolewe kama haja kubwa. Saratani nyingi za sehemu hii huanza kama vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, ambavyo wataalamu huviita polipu. Polipu nyingi hazina madhara. Baadhi yake, hata hivyo, hubadilika taratibu na kuwa saratani, na kwa kawaida mabadiliko hayo huchukua takribani miaka 10.

Muda huo mrefu ndio fursa kubwa ya kuushinda ugonjwa huu. Polipu ikionekana na kuondolewa mapema, saratani ambayo ingetokana nayo haitokei kabisa. Ugonjwa ukigundulika ukiwa bado umebaki ndani ya utumbo, upasuaji huweza kuuondoa. Takwimu za Marekani zinaonesha kuwa takribani wagonjwa 9 kati ya 10 wanaogundulika katika hatua hiyo huwa hai miaka 5 baadaye. Ugonjwa unapokuwa umesambaa hadi kwenye ini, mapafu au viungo vingine vya mbali, wanaofikisha miaka 5 ni chini ya 2 kati ya 10.

Ukubwa wa tatizo si mdogo. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa, na zaidi ya 900,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Kwa idadi ya wagonjwa wapya ni saratani ya tatu duniani, na kwa idadi ya vifo ni ya pili.

Kiashiria cha saratani ni nini?

Kiashiria cha saratani ni kitu, mara nyingi protini, ambacho hutengenezwa na seli za saratani, au na mwili wenyewe unapokabiliana na saratani, na ambacho huweza kupimwa katika damu, mkojo au sehemu nyingine za mwili. Vipo vya aina nyingi. PSA huhusishwa na tezi dume, AFP na ini, CA 125 na ovari, na CA 19-9 zaidi na kongosho. Kwa utumbo mpana, kinachotumika zaidi ni CEA.

CEA ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na watafiti Phil Gold na Samuel Freedman wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal nchini Kanada. Waliikuta katika uvimbe wa saratani ya utumbo mpana na katika utumbo wa mtoto aliye tumboni mwa mama, lakini hawakuiona katika utumbo wa kawaida wa mtu mzima. Ikaonekana kana kwamba saratani huamsha upya protini ambayo mwili uliihitaji kabla ya kuzaliwa na baadaye ukaacha kuitengeneza kwa wingi.

Ugunduzi huo ulizaa matumaini makubwa. Iwapo protini hiyo ingepatikana katika damu ya wenye saratani ya utumbo mpana peke yao, basi tone la damu lingetosha kuutambua ugonjwa. Tafiti zilizofuata zilionesha kuwa jambo hilo si rahisi kiasi hicho. Ilibainika kuwa CEA hupatikana kwa kiwango kidogo hata kwa watu wazima wenye afya, na kwamba hupanda kutokana na sababu nyingi zisizo saratani ya utumbo.

Sababu tatu za kutokitegemea pekee

Sababu ya kwanza ni kwamba saratani changa mara nyingi haipandishi kiwango cha CEA katika damu. Uvimbe mdogo ambao haujapenya ukuta wa utumbo huachia protini kidogo sana, na ini huiondoa sehemu kubwa ya protini hiyo kabla haijaenea mwilini. Kiwango huelekea kupanda zaidi pale uvimbe unapokuwa mkubwa au ugonjwa unapofika kwenye ini. Maana yake ni kwamba kipimo huwa na nguvu zaidi wakati ambapo fursa ya kuwahi imeanza kupungua. Aidha, ziko saratani za utumbo mpana ambazo haziachii CEA ya kutosha katika hatua yoyote ile.

Sababu ya pili ni kwamba CEA hupanda kwa mambo mengine. Wavutaji wa sigara huwa na kiwango cha juu kuliko wasiovuta. Ndiyo maana maabara nyingi huweka ukomo wa kawaida kuwa takribani nanogramu 3 kwa mililita moja ya damu kwa asiyevuta, na takribani 5 kwa mvutaji. Homa ya ini, kusinyaa kwa ini, uvimbe wa kongosho, vidonda vya tumbo, magonjwa sugu ya mapafu na magonjwa ya uvimbe katika utumbo huweza kuipandisha. Vilevile, saratani za tumbo, kongosho, mapafu na matiti huweza kufanya hivyo. Kwa hiyo namba iliyo juu haioneshi ugonjwa ni upi wala uko wapi.

Sababu ya tatu ni ya hesabu. Tathmini za kitabibu zilizotumia ukomo wa chini wa nanogramu 2.5 zilionesha kuwa CEA hubaini takribani asilimia 30 hadi 40 tu ya saratani za utumbo zilizo katika hatua za mwanzo, na kwamba takribani asilimia 13 ya watu wasio na ugonjwa hupata jibu la juu.

Ichukuliwe mfano wa watu 1,000 wasio na dalili, ambao 5 kati yao wana saratani changa bila kujua. Wote wakipimwa CEA, watakaobainika kati ya hao 5 ni 2. Wengine 3 watarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa “kawaida”. Wakati huohuo, kati ya watu 995 wasio na saratani, takribani 129 wataambiwa kiwango chao kiko juu. Hivyo, kati ya watu 131 watakaopewa jibu la kutia hofu, 129 watakuwa wametiwa hofu bila sababu ya saratani hiyo, na wengi wao wataingia gharama za vipimo zaidi.

CA 19-9, ambayo nayo huwekwa katika vifurushi hivyo, haibadilishi hali hiyo. Hupanda pia katika magonjwa ya nyongo, ini na kongosho yasiyo saratani. Aidha, wapo watu ambao miili yao haiwezi kuitengeneza kabisa kutokana na kundi lao la damu katika mfumo unaoitwa Lewis. Watu hao huweza kuwa na saratani kubwa huku kiashiria hicho kikisomeka kuwa chini.

Hatari ya faraja isiyo ya kweli

Madhara makubwa zaidi hutokea pale kipimo hiki kinapotumika kwa mtu ambaye tayari ana dalili. Ichukuliwe mfano wa mtu wa miaka 52 ambaye kwa miezi kadhaa ameona damu anapokwenda haja kubwa. Anaamini ni bawasiri, na amekuwa akitumia dawa za kupaka na za kienyeji. Baadaye anaamua kujipima mwenyewe katika maabara, na CEA yake inasomeka nanogramu 2. Anafurahi, anaendelea na shughuli zake, na safari ya hospitali inaahirishwa.

Kitabibu, namba hiyo haijajibu swali lake. Damu katika haja kubwa ni dalili inayohitaji kutafutiwa chanzo, na chanzo hutafutwa kwa kumwona mgonjwa, kumpima njia ya haja kubwa kwa kidole na, inapobidi, kuuangalia utumbo kwa kamera. Hakuna kiwango chochote cha CEA, hata kiwe cha chini kiasi gani, kinachoondoa haja ya hatua hizo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Na wakati mwingine maradhi hufichwa si na mgonjwa pekee, bali na karatasi ya majibu iliyosomwa vibaya.

Mahali ambapo CEA ina kazi yake

Kusema hivyo si kukibeza kipimo hiki. Mgonjwa akishathibitika kuwa na saratani ya utumbo mpana, CEA hupimwa kabla ya upasuaji ili kupata kiwango cha kuanzia. Uvimbe ukiondolewa wote, kiwango kilichokuwa juu kwa kawaida hushuka hadi kuwa cha kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Kisiposhuka, madaktari hupata dokezo kwamba huenda ugonjwa umebaki mahali fulani.

Baada ya hapo, wagonjwa wengi waliotibiwa kwa lengo la kupona hufuatiliwa kwa kupimwa CEA kila baada ya miezi 3 hadi 6, hasa katika miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, na ufuatiliaji huendelea hadi mwaka wa 5. Kiwango kinapoanza kupanda mfululizo, huweza kuashiria kurejea kwa ugonjwa kabla mgonjwa hajahisi chochote. Hapo ndipo hufanyika picha za CT na uchunguzi mwingine, na wakati mwingine ugonjwa uliorejea kwenye ini au mapafu huweza kuondolewa kwa upasuaji. Kwa mgonjwa anayepata tibakemikali kwa ugonjwa uliosambaa, mwenendo wa CEA husaidia kujua kama dawa inafanya kazi.

Katika hali zote hizo, ugonjwa unajulikana tayari, na namba ya leo hulinganishwa na namba ya jana ya mtu yuleyule. Mazingira hayo ni tofauti kabisa na kupima mara moja mtu asiye na historia yoyote. Mgonjwa aliyekwisha kutibiwa hapaswi kuacha vipimo vyake vya ufuatiliaji kwa kusikia kwamba CEA haifai. Kwake yeye, inafaa.

Vipimo vilivyothibitishwa kugundua mapema

Kipimo cha kwanza ni cha kutafuta damu iliyojificha katika kinyesi. Polipu kubwa na saratani huvuja damu kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona. Utafiti mkubwa uliofanyika katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliowahusisha watu 46,551 wenye umri wa miaka 50 hadi 80 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1993, ulionesha kuwa kupima kinyesi kila mwaka, na kuwafanyia uchunguzi wa kamera waliokutwa na damu, kulipunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 33.

Kipimo kilichotumika wakati huo kilimlazimu mpimwaji kuacha kula baadhi ya vyakula, ikiwemo nyama nyekundu, kwa siku kadhaa. Aina mpya ya kipimo hicho hutumia kingamwili zinazotambua damu ya binadamu pekee, hivyo haihitaji mwiko wa chakula, na sampuli huweza kuchukuliwa na mhusika mwenyewe nyumbani. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa kwa kupimwa mara moja, kipimo hiki hubaini takribani asilimia 79 ya saratani, na takribani watu 94 kati ya 100 wasio nayo hupata jibu hasi. Katika mfano wa watu 1,000 uliotolewa hapo juu, kingebaini wagonjwa 4 kati ya 5, na watakaotiwa hofu bila sababu wangekuwa takribani 60 badala ya 129. Kipimo hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka 2, kwa sababu uvimbe hauvuji damu kila siku.

Kipimo cha pili ni kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kutumia mrija laini wenye kamera unaopitishwa katika njia ya haja kubwa. Mgonjwa hupewa maelekezo ya chakula na dawa ya kusafisha utumbo siku moja kabla, na wakati wa uchunguzi hupewa dawa ya kumtuliza. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba daktari huona ukuta wote wa utumbo, huondoa polipu papo hapo, na huchukua kinyama kidogo kutoka mahali penye shaka kwa ajili ya maabara ya patholojia. Ni uchunguzi huo wa patholojia unaothibitisha saratani, si namba ya kiashiria katika damu. Madhara kama kutokwa na damu au kutoboka kwa utumbo huweza kutokea, lakini ni nadra. Kwa mtu asiye na hatari ya ziada, kolonoskopi iliyokamilika na kukuta utumbo safi kwa kawaida hairudiwi hadi baada ya miaka 10.

Kusoma majibu katika mazingira ya Tanzania

Majibu ya kipimo cha kinyesi yanahitaji tafsiri ya mtaalamu anayeyajua mazingira ya mgonjwa. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, huweza kusababisha damu katika kinyesi. Amiba, aina fulani za minyoo, bawasiri na michubuko ya njia ya haja kubwa nazo huweza kufanya hivyo. Jibu chanya, kwa hiyo, si hukumu ya saratani.

Hata hivyo, uwingi wa sababu hizo usigeuzwe kuwa kisingizio. Mgonjwa akitibiwa kichocho au amiba na damu ikaendelea kuonekana, uchunguzi unapaswa kusonga mbele badala ya kurudia dawa ileile. Vilevile, mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja. Kuonekana kwa moja hakuondoi uwezekano wa nyingine.

Jambo lingine ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni kwamba kipimo cha damu cha kawaida, kinachopatikana katika vituo vingi na kwa gharama ndogo, huweza kutoa onyo muhimu kuliko CEA. Kipimo hicho ni cha wekundu wa damu. Saratani iliyo upande wa kulia wa utumbo mpana mara nyingi haizibi njia wala kuonesha damu ya wazi. Huvuja polepole hadi mgonjwa anaishiwa madini ya chuma. Anayeugua huchoka haraka, hupata kizunguzungu, moyo humwenda mbio na viganja hupauka. Mwanamume wa umri wowote, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, anapokutwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, anapaswa kutafutiwa mahali damu inapopotelea. Kumpa vidonge vya kuongeza damu na kumruhusu aende nyumbani bila kutafuta chanzo ni kuliacha tatizo nyuma ya pazia.

Vipimo vipya vya damu

Utafiti wa kupata kipimo bora cha damu unaendelea, na hatua zimepigwa. Vipimo vya kizazi kipya havitafuti protini kama CEA, bali hutafuta vipande vya vinasaba ambavyo seli za saratani huviachia katika damu. Mwaka 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo kinachotafuta mabadiliko ya kinasaba kiitwacho SEPT9. Julai 2024 iliidhinisha kipimo kingine, Shield, cha kampuni ya Guardant Health, kwa watu wenye umri wa miaka 45 na kuendelea wasio na hatari ya ziada.

Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, Shield ilibaini takribani asilimia 83 ya saratani za utumbo mpana. Kwa polipu zilizokaribia kugeuka kuwa saratani, ilibaini takribani asilimia 13 tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kipimo kinachoona saratani iliyokwisha kutokea lakini kikapitwa na polipu nyingi hakiwezi kuzuia ugonjwa kama kolonoskopi inavyoweza. Aidha, kila anayepata jibu chanya katika vipimo hivi bado hulazimika kufanyiwa kolonoskopi. Mwananchi anayekutana na tangazo la kipimo cha damu cha saratani anapaswa kuuliza ni kipimo gani hasa, kwa kuwa CEA ya miaka ya 1960 na vipimo hivi vipya ni vitu viwili tofauti.

Nani achunguzwe, na lini

Umri ni kigezo cha kwanza. Nchi nyingi zenye utaratibu wa uchunguzi huanzia miaka 50, na Marekani ilishusha umri huo hadi 45 mwaka 2021 baada ya ugonjwa kuongezeka kwa watu wenye umri mdogo. Kigezo cha pili ni historia ya familia. Mtu ambaye mzazi, kaka, dada au mtoto wake aliugua saratani hii hushauriwa kuanza kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika nao, kutegemea unaotangulia. Ziko pia familia zenye magonjwa ya kurithi, kama ule wa Lynch, ambazo huhitaji uchunguzi wa mapema zaidi na wa mara kwa mara. Wenye magonjwa ya muda mrefu ya uvimbe wa utumbo nao wamo katika kundi la uangalizi.

Mwenye dalili hasubiri umri wowote. Dalili hizo ni damu katika haja kubwa, kubadilika kwa mwenendo wa choo kwa zaidi ya wiki chache, iwe ni kuharisha au kufunga choo, kinyesi kuwa chembamba kuliko kawaida, kuhisi haja haijaisha baada ya kutoka chooni, maumivu ya tumbo yasiyoisha, kupungua uzito bila sababu na uchovu unaoambatana na upungufu wa damu. Zipo dalili ambazo mtu huona aibu kuzitaja mbele ya watu, lakini kwa mtoa huduma ni taarifa za kazi kama zilivyo homa na kikohozi.

Kuhusu kinga, mambo kadhaa yamo ndani ya uwezo wa kila kaya. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na nyama ya makopo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha. Kula mboga za majani, matunda, kunde, maharage na nafaka zisizokobolewa, kuacha tumbaku, kujiepusha na pombe, kudhibiti uzito na kufanya mazoezi kwa angalau dakika 150 kwa wiki hupunguza hatari. Hata hivyo, hatua hizo hazichukui nafasi ya uchunguzi.

Hatua za kuchukua

Mwananchi mwenye dalili anashauriwa kuanza katika kituo cha huduma kilicho karibu naye, iwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kueleza dalili zake zote bila kuficha. Kutoka hapo, kwa utaratibu wa rufaa, anaweza kufikishwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda au ya taifa yenye kolonoskopi na wataalamu wa patholojia. Upatikanaji wa vipimo hutofautiana kati ya kituo na kituo, hivyo ni vema kuuliza mapema ni wapi panapotolewa huduma husika na kama bima ya afya ya mhusika inaigharamia. Kwa matibabu ya saratani iliyothibitishwa, huduma za kibingwa hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na pia katika hospitali za Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi.

Kwa aliyekwisha kupima CEA na kupewa namba iliyo juu, hatua sahihi ni kumwona daktari akiwa na karatasi ya majibu, kueleza kama anavuta sigara na kama ana ugonjwa wa ini, mapafu au tumbo, na kukubali kurudiwa vipimo kabla ya kuhitimisha lolote. Kwa aliyepewa namba ya kawaida na hana dalili, umri wake na historia ya familia yake ndivyo vitakavyoamua kama anahitaji kipimo cha kinyesi au kolonoskopi. Na kwa aliyepewa namba ya kawaida lakini bado anaona damu chooni, uchunguzi wake ndiyo kwanza haujaanza. Anapaswa kwenda kituo cha huduma, na kwenda mapema.